Pazia la Saa Mbili Asubuhi

Oosterwier, 9 Oktoba

Mwanangu Sjoerd,

Pokea salamu zangu wewe na Marloes, na huyo aliye tumboni naye nimemsalimu. Mimi nipo. Magoti yanalalamika, masikio ndiyo yale yale, ukinipigia simu nasikia upepo tu, kwa hiyo tuendelee na kalamu. Viazi vimeshachimbwa vyote na kondoo wamepandishwa kwenye tuta la kuzuia bahari. Mwambie Marloes ale vizuri, aachane na vitabu vya kumwambia asile hiki asile kile.

Sasa nina neno nawe. Tangu urudi huko Australia, pazia la mama yako linafunguka saa mbili kamili asubuhi. Jumatatu saa mbili. Mvua ikinyesha, saa mbili. Jumapili, siku ambayo mama yako Baukje hulala na magazeti kitandani mpaka kengele ya kanisa impigie kelele, saa mbili! Mara ya kwanza nilidhani kapatwa na wazimu wa kuamka mapema. Mara ya pili nikaweka kikombe chini nikatazama vizuri. Sikuona mkono wala mtu. Pazia lilijivuta lenyewe, taratibu, huku na huku, na nyuma yake hakuna aliyesimama. Sjoerd, nywele zilinisimama.

Unajua mimi na mama yako hatusemezani tangu mazishi ya baba yako. Nilisema tu kwamba kipande kimoja cha keki kwa kila mgeni ni mkono wa birika, na kwamba kaka yangu Durk, baba yako, alistahili wageni wake wapewe viwili. Yeye akanijibu mbele ya mchungaji: “Hiltje, kama njaa ndiyo iliyokuleta, mjini Dokkum kuna hoteli.” Huu mwaka wa nane. Lakini kununiana ni kununiana na pazia ni pazia. Kila asubuhi nafungua langu na kulitazama la kwake ng'ambo ya barabara, na yeye hivyo hivyo. La mmoja likichelewa, mwenzake anavuka. Hata nilipougua homa mwaka juzi ndiye aliyekuja, akapita mlango wa nyuma, akaweka supu mezani, akanikagua, akasema, “Hujafa,” akaenda zake.

Basi nieleze. Siku ile ulipokuwa umelala chali sakafuni kwa mama yako na visahani vyako vyeupe, ulikuwa unafanya nini? Nilikuona dirishani, ila ulipokuja kwangu kunywa kahawa ulikuwa na haraka ya ndege, nami sikuuliza.

Shangazi yako,
Hiltje


Perth, 27 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwenye jua. Marloes hajambo, anavimba miguu na anakutumia busu. Barua yako nimemsomea kwa sauti, tumecheka mpaka mtoto akapiga teke.

Visahani vile ni vitufe, shangazi, na havina waya hata mmoja. Kila kimoja kina betri ndogo bapa ndani. Kwenye kabati la mita la Mama niliweka kisanduku, ndicho kichwa cha mambo yote. Unakishika kitufe karibu na kisanduku, unakibana mpaka kitaa chake kipepese, na hapo vimeshafahamiana. Kisha unakiambia kisanduku: huyu akibonyezwa mara moja, vuta pazia, akibonyezwa tena, lirudishe, mara mbili haraka haraka, washa taa, akibanwa muda mrefu, chemsha kahawa. Ulinikuta sakafuni kwa sababu kuta za nyumba ile ni nene, kitufe cha jikoni kilikuwa hakisikiki, ikabidi nichomeke ukumbini kifaa kingine cha kupokea ishara na kuipitisha. Kimoja kipo kando ya kitanda, kimoja nimekibandika kwenye friji kwa sumaku, na kimoja anatembea nacho kwenye mfuko wa aproni.

Bega lake la kulia haliinui mkono tena, shangazi. Ulikuwa hujui, na yeye asingekwambia. Alikuwa anavuta pazia kwa mpini wa ufagio.

Na saa mbili ni mimi. Nilipanga kwamba hata asipobonyeza, pazia lijifungue saa hiyo. Nilimwomba pia avae ile kengele ya shingoni ya kuita msaada, wanayovaa wazee wote wa Dokkum. Unajua alivyonijibu? “Kengele anavaa ng'ombe. Ukinivisha, nitatoka nayo malishoni nikale majani.” Basi nikaacha.

Mama sasa anaishi kama malkia. Nenda ukaone, uvuke barabara uonjeshwe kahawa ya kitufe.

Mwanao,
Sjoerd


Oosterwier, 18 Novemba

Mwanangu Sjoerd,

Huku barafu nyembamba imeanza kushika mtaroni na bata wanateleza. Nimempelekea Marloes soksi za mtoto, nyeupe, kwa kuwa hamtaki kusema ni wa kike au wa kiume. Nakutumia na herufi yako ya chokoleti, S ya jina lako, mapema, ili sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi isikupite kwa sababu ya posta.

Sikuvuka na sitavuka. Kahawa ninayo.

Ila nisikilize. Umesema pazia linajifungua hata mama yako asipobonyeza. Nimelisoma neno hilo mara nyingi na kila mara linanishtua upya. Sasa mimi nitajuaje? Zamani likifunguka najua Baukje kaamka, ana miguu na ana mikono. Sasa likifunguka najua nini? Kwamba wewe uliamka siku moja mwezi wa tisa ukapanga? Ondoa saa mbili yako, Sjoerd. Vitufe mwachie, bega ni bega. Lakini asipoweza kulifungua, liache libaki limefungwa.

Na kuna la pili. Jumanne mchana pazia lilijifunga, likafunguka, likajifunga, likafunguka. Mama yako wakati huo alikuwa uani, upande wa barabara, anaanika mashuka, nilimwona kwa macho yangu! Nyumba tupu, na pazia linacheza. Nilishika ukingo wa meza. Nilitoka mlangoni, na nadhani nilisimama mdomo wazi, maana yeye alinitazama akiwa na vibanio mdomoni, akavitoa, akapaza sauti kuvuka barabara: “Ni Sjoerd! Anachezea simu yake!”

Miaka minane, ukiacha lile “Hujafa,” na maneno ya kwanza ni hayo. Nilirudi ndani nikafunga mlango.

Ni kweli ni wewe?

Hiltje


Perth, 5 Desemba

Shangazi mpendwa,

Herufi imefika, asante, ingawa joto la huku limeigeuza S yangu kuwa uji na tumeila kwa kijiko. Soksi Marloes amezitundika ukutani.

Ni kweli, ni mimi. Kila nikibadilisha kitu kwenye mfumo najaribu pazia kwa simu, kwa sababu ndilo jepesi kuonekana. Kuna kamera? Hapana, Mama alikataa kamera kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mimi naona tu maandishi: limefunguka, limefungwa, kitufe fulani kimebonyezwa. Mwezi uliopita aproni iliingia kwenye kikapu cha nguo chafu na kitufe mfukoni, nguo zikakilalia, na pazia likacheza asubuhi nzima mpaka mota ikapata joto. Mama alicheka sana.

Kwa hiyo ukiliona linacheza, shangazi, usishike meza. Chukulia ni mimi nakupungia mkono kutoka Perth. Usivuke barabara kwa ajili hiyo, utateleza bure kwenye barafu.

Kuhusu saa mbili, niruhusu nibishe. Bega likimwuma hachomoki kitandani mapema, na pazia likichelewa unajua mtaa utakavyosema. Ataonekana mgonjwa, na hilo hataki kuliko kitu chochote. Fikiri kwamba ni mwanawe anayemfungulia kila siku. Kuna ubaya?

Mtoto atakuja mwezi wa pili. Tuombeeni.

Sjoerd


Oosterwier, 23 Januari

Sjoerd,

Najua hospitali ya Leeuwarden walikupigia, kwa hiyo huna haja ya kusikia kutoka kwangu kwamba mama yako ameanguka. Nakuandikia yale ambayo daktari hayajui.

Alianguka mlangoni mwa sebule, amevaa aproni, akielekea kujipikia uji. Nyonga ilivunjika palepale. Simu ilikuwa jikoni. Hiyo ilikuwa Jumatano asubuhi. Aliyemwona ni muuza samaki, Alhamisi mchana. Alisimamisha gari kama kawaida, akapiga honi, Baukje hakutoka, akachungulia dirishani, kisha akageuka akanipungia mikono yote miwili. Nilivuka na ndara za ndani. Ufunguo wa nyuma bado upo chini ya jiwe, mahali alipouweka baba yako.

Sitakueleza nilichokiona. Alikuwa baridi. Nilimshika uso nikamwita kwa jina, na yeye akafungua macho, akanitazama, akayafumba. Muuza samaki alivua koti lake akamfunika, nyumba nzima ikanuka samaki, na mimi nikawa nasema tu, “Mungu wangu, Mungu wangu,” hata kupiga simu alipiga yeye.

Nyonga wameitengeneza. Sasa ni mapafu, yameingia nimonia. Daktari anasema umri wake si wa kuahidi watu kitu.

Unakuja lini?

Hiltje


Perth, 6 Februari

Shangazi,

Asante kwa barua. Nazungumza na wauguzi kila siku, wanasema homa imeanza kushuka. Mama mwenyewe hataki kuongea na simu, anasema inamchosha.

Marloes presha imepanda, amelazwa kitandani kwa amri ya daktari. Siwezi kumwacha. Kazini nako wameniomba nimalizie mradi. Tiketi za msimu huu pia hazipatikani kirahisi. Nitakuja, ila siwezi kusema lini.

Nina swali moja, naomba unijibu hata kama litakushangaza. Jumatano ile uliliona pazia? Lilifanya nini?

Sjoerd


Oosterwier, 20 Februari

Sjoerd,

Barua yako ina sababu tatu, na mtu mwenye sababu tatu hana hata moja. Watoto wamezaliwa duniani baba zao wakiwa baharini. Sikulea kijana wa kumtelekeza mama yake. Lakini umeuliza, nami nitajibu, kwa sababu jambo hili nilishindwa kuliandika mara ya kwanza.

Niliona.

Saa mbili lilifunguka, kama unavyolitaka wewe. Nikasema sawa. Nikanywa kahawa. Halafu likajifunga. Likafunguka. Likajifunga. Likafunguka. Lilikwenda hivyo asubuhi nzima, na mimi nimekaa dirishani nafuma. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri: Sjoerd huyo, ananipungia. Nikakumbuka ulivyoniambia nisivuke. Mara ikanipanda hasira, nikasema moyoni hata kama ni salamu, imezidi, au Baukje ndiye anayenikejeli kwa mchezo wake wa kitajiri. Nikafunga langu. Mimi, Sjoerd. Nilinyanyuka nikafunga pazia langu mchana kweupe, usoni pake.

Yeye alikuwa sakafuni na kitufe mkononi. Ndicho kitu pekee alichoweza kukifikia. Alikuwa ananiita.

Nilipofungua tena baadaye, la kwake lilikuwa limeishia katikati, nusu wazi nusu limefungwa, na halisogei. Lilibaki hivyo mpaka jioni. Kijiji hiki hakuna anayekaa na pazia nusu. Lilinikera, kisha likaanza kunitia wasiwasi, lakini giza na barafu vilinishinda. Asubuhi nikasema liwalo na liwe, navuka. Nilikuwa nimevaa koti, Sjoerd, na skafu. Nimeshika kitasa. Na pazia likafunguka lote. Saa mbili.

Nikavua koti.

Sasa unajua. Kama utanichukia, uje unichukie hapahapa.

Mama yako amehamishiwa nyumba ya mazoezi ya viungo huko Dokkum. Nakwenda kila siku kwa basi. Siku ya kwanza nilimpangia nguo kabatini mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia yote hayo niliyokuandikia, la pazia langu pia. Akasema, “Nilikuona ukifunga.” Hilo tu. Nikalia pale mbele ya watu, na mama yako akanisukumia kisanduku cha leso bila kunitazama.

Kisha akaniuliza, “Kwa nini pazia lilikoma?” Nikamwambia itakuwa betri ya kitufe, iliisha. Akaitikia kwa kichwa akasema, “Betri, basi.”

Nijibu upesi.

Hiltje


Perth, 7 Machi

Shangazi,

Tumepata binti. Amezaliwa salama, na Marloes hajambo. Nilipaswa kuanza na furaha hiyo na kuishia hapo, lakini siwezi.

Haikuwa betri.

Jumatano ile nilikuwa kazini, huku ikiwa alasiri. Simu ikatetemeka mfukoni: kitufe cha aproni kimebonyezwa. Pazia limefungwa. Kimebonyezwa. Limefunguka. Ikaendelea. Watu walikuwa wanazungumza mbele yangu kuhusu pampu, nami nachungulia chini ya meza. Nikasema aproni imeingia tena kwenye kikapu cha nguo. Mfumo ukaniandikia kwamba mota imepata joto. Nikaogopa isiungue, ni mota ya gharama. Nikafungua ukurasa wa kile kitufe, pana mahali pa kukinyamazisha, nikapagusa. Pazia likakoma katikati. Nikarudisha simu mfukoni.

Ni mimi niliyemzima, shangazi. Alikuwa anakuita wewe, na mimi nikamziba mdomo kutoka upande wa pili wa dunia, kisha nikaenda kula mkate wenye jibini. Kumpigia simu niulize “Mama, aproni iko wapi?” hakukuniingia akilini. Tungeongea Jumapili kama kawaida.

Kesho yake saa mbili ratiba yangu ikamfungulia pazia. Nililiona hilo pia kwenye simu. Nikaona kila kitu kinafanya kazi vizuri.

Usiku ule waliponipigia kutoka hospitali nilifungua kumbukumbu za mfumo. Kitufe hakikuacha kubonyezwa nilipokizima. Kisanduku kiliendelea kuandika, kila mara alipobonyeza, na hakuna kilichotokea. Jioni bado anabonyeza. Sikuweza kuendelea kusoma.

Ndiyo sababu siji. Presha ya Marloes ilishuka zamani. Sijui nitaingiaje kwenye chumba alichomo.

Hasira yako na ya Mama nimeistahili mimi, wewe ulifuata nilichokuandikia. Leo nimemwandikia na yeye, kwenye bahasha yake, nimemweleza hivi hivi bila kuficha. Zote mbili nazipeleka posta kabla sijabadili nia.

Sjoerd


Oosterwier, 25 Machi

Mwanangu,

Bahasha zako mbili zimefika siku moja, na mtu wa posta kazileta zote kwa mama yako. Mama yako amerudi nyumbani juma lililopita, kitanda chake kipo sebuleni, muuguzi anakuja asubuhi, na saa zilizobaki mimi niko huku. Nalala kwenye kochi. Kuhusu keki ya mazishi tumeshagombana upya, safari hii kwa sauti, na muuguzi alitaka kuita watu.

Yangu niliisoma jikoni nimesimama, na mwisho wake nilikuwa nimekaa. Nilisema jina lako kwa sauti, kwa namna ambayo sijawahi kulitaja. Niliitazama bahasha ya mama yako nikaona siwezi kumpa. Mapafu yake yamepona jana tu. Ni mtu mwenye mwana mmoja tu. Kunikasirikia mimi amezoea kwa miaka minane, anaweza hata amelala. Kwako wewe hajui aanzie wapi. Nikaificha nyuma ya kopo la mkate, nikasema nitamwachia aamini betri yake mpaka mmoja wetu azikwe.

“Hiltje,” akaita kutoka sebuleni. “Posta kaleta mbili. Macho ninayo.”

Nikasema moja ni ya umeme.

“Tangu lini umeme wanabandika stempu ya kangaruu? Ilete.”

Miwani yake ya kusomea ilivunjika siku ile alipoanguka na mpya haijaja. Kwa hiyo ikabidi nimsomee mimi. Nilisoma salamu. Nilisoma habari za binti, akafumba macho akatabasamu, akanifanya nirudie uzito wake. Halafu nikafika pale. Sjoerd, nilijaribu. Nilitazama maandishi yako nikasoma yasiyokuwepo. Nikasoma: “Mama, nasikitika kwamba betri ilikufa.”

Hakufungua macho. Akasema, “Soma alichoandika mtoto.”

“Ndicho nilichosoma.”

“Betri ya kile kitufe niliiweka mpya Jumatatu ile kwa mkono wangu, na ya zamani nikaitupa kwenye sanduku la betri pale dukani. Soma.”

Nikamwuliza, tangu Dokkum ulikuwa unajua? Akasema alijua tangu akiwa sakafuni. Pazia lilipokoma na kitufe kina betri mpya, alijua ni nani tu duniani anayeweza kulikomesha. Nami nitakuandikia alivyosema, maana nilitaka kuyaweka mimi peke yangu na nimeshindwa kuyabeba: “Nilifurahi, Hiltje. Nilisema Sjoerd kaona. Kaona, kazima, sasa atapiga simu aniulize nina nini. Nikaacha kuogopa. Nikalala pale naisikilizia simu ilie.”

Nikamwuliza mbona basi uliendelea kubonyeza mpaka jioni. Akasema, “Ili ajue bado nipo.”

Mimi nililia kwa ajili yenu wote wawili na kwa ajili yangu, yeye hakulia. Nikamwuliza mbona alinikubalia habari ya betri. Akaniambia, “Ulikuwa umeshalia vya kutosha kwa ajili ya pazia lako. Na yeye nilitaka aseme mwenyewe. Sasa kasema.”

Kisha nikasoma barua yote, kila neno, na alipotaka nirudie nikarudia. Ilipokwisha akaniambia nichukue kalamu. Haya hapa chini ni yake, sikuongeza na sikupunguza:

“Mwambie radhi ya kwenye karatasi siitaki. Mwambie nina hasira naye na itanichukua muda, na muda wenyewe sina mwingi. Amlete mtoto. Asinipigie simu kwamba anakuja. Aje agonge mlango, na mimi nitajikongoja mwenyewe mpaka pale nimfungulie, hata kama atangoja nje nusu siku.”

Njoo, Sjoerd. Anajifunza kutembea kwa ajili hiyo.

Shangazi yako,
Hiltje